VirtualBox ikigoma baada ya kerneli mpya, usiifute

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasomaji wako wanaotumia Ubuntu: VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), ikigoma baada ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, kusasishwa, msiifute, wala mashine pepe zenu msiziguse. Faili za .vdi, yaani diski za mashine hizo, na vyote vilivyomo viko salama. Kilichokosekana ni vboxdrv, draiva inayoundwa upya kwa kila kerneli. Ya jana haiingii kwenye kerneli ya leo.

Fungueni terminali, muanze na sudo modprobe vboxdrv. Jibu lake ndilo linaloonyesha dawa.

Likiwa "Module vboxdrv not found", draiva haikuundwa, na mara nyingi ni kwa kukosa faili za heda zinazohitajika kuiunda. Andika sudo apt install build-essential linux-headers-$(uname -r), kisha sudo /sbin/vboxconfig. Lakini washa upya kompyuta kwanza! Amri ya uname -r hutaja kerneli inayotumika sasa hivi, si ile iliyopakuliwa ikangoja, hivyo asiyewasha upya hupata heda za zamani na tatizo hubaki palepale. Ikishindikana bado, soma mistari ya mwisho ya /var/log/vbox-setup.log. Huenda VirtualBox yako ni ya zamani mno kwa kerneli hiyo: weka toleo jipya, au rudi kerneli ya awali kupitia menyu ya GRUB, ya kuchagua kerneli kompyuta inapowaka, umalize kazi.

Likiwa "Key was rejected by service", draiva ipo ila Secure Boot, ulinzi unaokataa draiva zisizo na saini inayoaminika, haiitambui saini yake. Andika sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der, tunga nywila, washa upya, na kwenye skrini ya buluu chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa saini hiyo). Kaa hapo hapo, maana skrini hiyo hupita baada ya sekunde chache.

Kuanzia kerneli 6.12 kuna kosa linalowachanganya hata mafundi: VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE. Hapa draiva ni nzima na vboxconfig haitasaidia kitu. KVM, mfumo wa mashine pepe uliomo ndani ya kerneli yenyewe, sasa hushika uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe (VT-x) mara tu inapopakiwa, hata kama haina mashine inayoendesha, na VirtualBox huukosa. Kwa Intel, sudo modprobe -r kvm_intel huiachisha hadi utakapowasha upya. Ukitaka idumu, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT ndani ya /etc/default/grub, kisha sudo update-grub.

Tafadhali Mhariri, amri hizi zichapwe kama zilivyo. Vistari viwili vya --import vikigeuzwa kuwa kimoja kirefu, msomaji atakayenakili ataambulia kosa jingine.

Fundi wa kompyuta,
Morogoro