Shoga, ripoti ya hospitali usiianzie mwanzoni

Coventry,
Septemba 2025

Shoga yangu mpendwa,

Baada ya salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto, pokea hongera zangu kwa kuchaguliwa gavana wa trasti ya hospitali huko kwenu, yaani mjumbe wa baraza linaloisimamia bodi ya taasisi inayoendesha hospitali. Kazi yenyewe haina mshahara, lakini ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Baraza la magavana ndilo linaloteua mwenyekiti na wajumbe wa bodi wasio watendaji, ndilo linaloweza kuwaondoa, na ndilo linalochagua mkaguzi wa nje wa hesabu. Ripoti ya mwaka pamoja na hesabu zake ni lazima kisheria ziletwe mbele yenu. Umesema imeshakufika, kurasa zaidi ya mia mbili, na hujui uishike wapi. Basi nakuandikia ili siku ya mkutano wa wanachama uende ukiwa umejiandaa.

Usiianzie mwanzoni. Kurasa za mwanzo ni maneno ya mwenyekiti na mtendaji mkuu, pamoja na picha za wauguzi wanaotabasamu. Hizo zisome mwisho. Nenda moja kwa moja kwenye jedwali la utendaji ukiwa na swali moja: yule ambaye asilimia hii haikumgusa yuko wapi, na amengoja muda gani? Swali hilo litakufaa karibu kila ukurasa.

Tuanze na idara ya dharura. Kiwango cha NHS, huduma ya afya ya umma, hapa England ni kwamba wagonjwa 95 kati ya 100 wawe wameruhusiwa, wamelazwa au wamehamishwa ndani ya saa 4 tangu wafike. Kitaifa kiwango hicho hakijafikiwa tangu Julai 2015. Lengo la mpito lililowekwa kwa Machi 2026 lilikuwa asilimia 78. Kwa hiyo ukikuta "tumekaribia lengo", tazama ni lengo lipi wanalosema.

Kisha uliza hiyo asilimia imechanganya nini. Trasti nyingi hujumlisha idara kubwa ya dharura na vituo vya majeraha madogo, ambako mtu huingia na kidole kilichokatika ngozi akatoka baada ya nusu saa. Chukua mfano huu wa hesabu tu: idara kubwa inapokea watu 300 kwa siku, na 180 kati yao wanamalizwa ndani ya saa 4. Hiyo ni asilimia 60. Kituo kidogo kinapokea 200, na 196 wanamalizwa, asilimia 98. Vijumlishe upate 376 kati ya 500, asilimia 75 na ushee. Kwenye ripoti itaandikwa 75, na bibi mwenye nimonia aliyelala kwenye machela koridoni hutamwona popote. Omba takwimu ya idara kubwa peke yake. Ipo, kwa sababu NHS England huichapisha kila mwezi.

Omba pia mchoro unaoonyesha wagonjwa wanatoka dakika ya ngapi. Mahali ambapo saa inaogopwa kuliko ugonjwa, mstari hupanda ghafla kwenye dakika 10 za mwisho kabla ya saa 4, halafu huanguka. Maana yake watu wanasukumwa kwenda wodi ya uangalizi ili saa isimame. Na ambaye saa 4 zimeshampita hana tena anayemkimbilia, kwani kwenye asilimia ameshapotea. Huyo ndiye wa kumtafuta kwenye safu ya waliokaa zaidi ya saa 12. Hapo napo soma maelezo madogo chini ya jedwali: saa 12 zimehesabiwa tangu mgonjwa afike, au tangu daktari aamue alazwe? Kwa hesabu ya pili, mtu aliyengoja saa 9 kabla ya uamuzi na saa 11 baada yake hayumo, ingawa amekaa pale saa 20. Hesabu ya tangu kufika imekuwa ikichapishwa tangu mwaka 2023, basi wasikuambie haipatikani.

Wakikueleza kwamba tatizo ni watu wengi kuja dharura bila sababu, usikubali haraka. Mwenye kikohozi hachukui kitanda. Kinachoziba dharura ni wodi zilizojaa. Hospitali yenye vitanda 600 ikijaa kwa asilimia 96, vilivyobaki ni 24, na huwezi kumlaza mwanamume kwenye chumba cha wanawake wala mwenye kuharisha karibu na aliyepasuliwa jana. Kwa hiyo vinavyotumika kweli ni vichache zaidi. Tafuta idadi ya wagonjwa waliopona kiasi cha kuondoka ambao bado wamelala pale, wengine wakingoja mtu wa kuwahudumia nyumbani au nafasi kwenye nyumba ya wazee. Uliza wangapi wanangoja halmashauri, na wangapi wanangoja hospitali yenyewe: dawa za kwenda nazo, usafiri, au daktari wa kutia sahihi. Hao wa mwisho hawana wa kulaumiwa nje ya jengo.

Matibabu ya kupangwa yana saa yake nyingine, ya wiki 18. Inaanza rufaa ya GP, daktari wa mtaani, inapofika hospitali, na inasimama siku matibabu yanapoanza au inapoamuliwa kwamba hayahitajiki. Kiwango ni kwamba asilimia 92 ya walio kwenye orodha wawe wamengoja chini ya wiki 18. Mara ya mwisho kitaifa kufikiwa ilikuwa Februari 2016. Lengo la mpito lililowekwa kwa Machi 2026 lilikuwa asilimia 65, na kila trasti ipande angalau pointi 5. Orodha ya nchi nzima ina kesi zaidi ya milioni 7, ambazo ni za watu milioni 6 na kitu, kwa kuwa mtu mmoja anaweza kungojea goti na jicho kwa pamoja. Kwenu uliza kesi ni ngapi, watu ni wangapi, na waliopita wiki 52 ni wangapi kwa kila idara. Wastani wa hospitali nzima hauna faida kwako. Idara ya ngozi inaweza kuwa safi huku ya masikio na pua ikizama.

Orodha ikiwa imepungua, uliza imepunguaje. Majina huondoka kwa njia mbili: mtu ametibiwa, au jina limefutwa baada ya uhakiki. Uhakiki si dhambi, maana wapo waliohama, waliofariki na waliokwenda hospitali binafsi. Lakini ukifanywa kwa ujumbe wa simu wenye Kiingereza kigumu na siku chache za kujibu, wanaofutwa ni watu kama mama zetu. Uliza waliofutwa kwa kutojibu ni wangapi, na wangapi walirudishwa na GP wao.

Tena kuna kundi ambalo saa hii hailioni kabisa, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote. Matibabu yakishaanza, saa imesimama. Mwenye presha ya macho aliyeanzishiwa matone na kuambiwa arudi baada ya miezi 6, akipewa tarehe ya mwezi wa 14, hayumo kwenye wiki 18. Hayumo kwenye jedwali lolote la ukurasa wa mbele. Presha ya macho haiumi, inakula pembe za kuona polepole, na kilichopotea hakirudi. Hapa Uingereza watu wamepoteza uwezo wa kuona kwa kucheleweshewa marudio tu. Andika swali hili kama lilivyo: "Wagonjwa wangapi wa marudio wamepitwa na tarehe waliyopangiwa na daktari, na wangapi kati yao ni wa macho?" Likikosa jibu kwenye mkutano, omba lipelekwe kwenye kamati ya ubora na jibu lije kwa maandishi.

Saratani kwa kifupi: siku 28 kuambiwa unayo au huna, na siku 62 tangu rufaa hadi matibabu ya kwanza. Kiwango cha siku 62 ni asilimia 85, na lengo la mpito lililowekwa kwa Machi 2026 lilikuwa 75. Omba kwa aina ya saratani. Ngozi na matiti kwa kawaida hupandisha wastani, utumbo na tezi dume huushusha.

Kuhusu ubora, daraja la CQC, wakaguzi wa huduma za afya, litaandikwa kwa herufi kubwa. Angalia tarehe ya ukaguzi, huenda ni wa miaka kadhaa iliyopita. Mimi naamini zaidi ukurasa wa utafiti wa wafanyakazi, pale wanapoulizwa kama wangeridhika ndugu au rafiki yao atibiwe hapo. Wahudumu wakisema hapana, amini. Ilikuwa hivyo hospitali ya Stafford, unakumbuka: trasti yake, Mid Staffordshire, ilipewa hadhi ya foundation trust, yaani trasti yenye kujiendesha kwa uhuru zaidi, Februari 2008, bodi ikishughulika na fedha na malengo, huku wagonjwa wodini wakiachwa kwenye mashuka machafu na maji ya kunywa yakiwekwa mbali na mikono yao. Ripoti ya uchunguzi wa wakili Robert Francis ilitoka Februari 2013 na mapendekezo 290. Waliopaza sauti kwanza walikuwa familia za wagonjwa, nao walipuuzwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo sehemu ya malalamiko isome neno kwa neno.

Sasa fedha. Mwaka wa hesabu unaisha tarehe 31 Machi. Ukiona "ziada" au "tumesawazisha hesabu", tafuta maelezo ya fedha za kusaidia nakisi, kwani serikali imekuwa ikizipa trasti pesa za namna hiyo. Ziondoe kwa kalamu yako uone kilichobaki. Kisha nenda kwenye akiba walizoahidi. Tuseme waliahidi kuokoa pauni milioni 30, na wameokoa zote 30. Vizuri. Ila milioni 18 kati ya hizo ni za mara moja, kwa mfano nafasi za kazi zilizoachwa wazi, na 12 tu ndizo za kudumu. Mwaka mpya unaanza na shimo la milioni 18 kabla hata ya ahadi mpya. Na nafasi zilizoachwa wazi ni wauguzi ambao hawakuwepo usiku, au walioletwa na wakala kwa bei ya juu. Zisome kurasa hizo mbili pamoja, ingawa zimewekwa mbali.

Majengo usiyaruke. Matengenezo yaliyolimbikizwa England nzima yalifikia pauni bilioni 13.8 mwaka 2023/24. Kwenu uliza ni kiasi gani kiko kwenye kundi la hatari kubwa, yaani umeme, paa, lifti na mabomba yanayoweza kumdhuru mtu. Hospitali ya Queen Elizabeth ya King's Lynn, iliyojengwa kwa lile zege jepesi la RAAC, imekuwa ikishikiliwa paa kwa maelfu ya nguzo za kuegemeza. Pesa za kujenga na pesa za kuendesha ni mifuko miwili, haichanganywi ovyo, kwa hiyo ukisikia "fedha hakuna" uliza ni mfuko upi.

Ndipo uje kwenye mipango. Mpango wa miaka 10 wa serikali, uliotoka Julai 2025, una mageuzi matatu: huduma zitoke hospitalini ziende mtaani, karatasi zigeuke dijitali, na kinga itangulie tiba. Kila trasti itayarudia maneno hayo. Wewe tafuta kwenye kila ahadi kiasi, tarehe na cheo cha anayewajibika. Wakisema kliniki ya kisukari itahamia mtaani, uliza ya hospitalini itafungwa lini, na nani atalipia miezi ambayo zote mbili zitakuwa wazi. Mara nyingi hapo ndipo mpango hukwama. Wakisema wanaleta mfumo mpya wa kumbukumbu za wagonjwa, uliza watapunguza kliniki kwa wiki ngapi baada ya kuuwasha, na nani atahakikisha barua zinatoka, kwa sababu mifumo hii huanza kwa kusuasua na rufaa hukwama ndani bila mtu kujua. Jengo jipya likitajwa, uliza liko wimbi lipi la mpango wa taifa wa kujenga hospitali. Wimbi la pili ni ujenzi kuanza kati ya 2030 na 2035, la tatu hadi 2039, na jengo bovu la sasa mtakaa nalo muda wote huo.

Septemba 2025 NHS England pia ilitoa orodha mpya ya kupanga trasti kwa madaraja, la kwanza likiwa bora. Kumbuka tu kwamba kwenye orodha hiyo trasti yenye nakisi haiwezi kupata daraja bora kuliko la tatu hata ikitibu vizuri.

Ule mpango wa miaka 10 unasema trasti hazitalazimika tena kuwa na magavana. Basi maswali yako yapeleke kwa katibu wa trasti mapema, kwa maandishi, uombe yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano. Ongeza moja la kwetu: miadi mingapi mwaka huu iliahirishwa kwa kukosa mkalimani, na mara ngapi mtoto wa mgonjwa alitumiwa badala yake. Kiswahili, Kisomali na Kiarabu wakutenganishie.

Nitumie kurasa za utendaji na za akiba kwa picha ya simu. Nitazipitia Jumapili, nikupigie jioni.

Shoga yako akupendaye