Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia: Jaribio la Bell lifike vyuoni kwetu

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Naomba wizara yako igharamie jaribio la Bell, linalopima kama chembe mbili za mwanga hubeba majibu yao ya vipimo tangu mwanzo, katika vyuo vikuu vya umma, hata kwa kuanzia na kimoja.

Mwaka 1935 Einstein na wenzake wawili walisema nadharia ya kwantamu, inayoeleza tabia za chembe ndogo sana, ina upungufu: chembe mbili zilizotoka pamoja lazima ziwe zimebeba majibu yao ya vipimo tangu mwanzo. Mwaka 1964 John Bell, mzaliwa wa Belfast, alionyesha kuwa dai hilo linapimika. Kwa hesabu iliyoboreshwa mwaka 1969, kama majibu yalibebwa mapema na upande mmoja hauathiri wa pili, jumla inayokokotolewa kutokana na jinsi majibu ya pande mbili yanavyolingana haivuki 2. Kwantamu inaruhusu ifike karibu 2.83. Waliolipima kwa mwanga, Clauser, Aspect na Zeilinger, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022.

Mheshimiwa, jaribio hilo sasa linafanywa na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya Reed College, Marekani, iliyoonyesha namna yake. Leza ya zambarau hupiga fuwele mbili nyembamba zilizobanwa pamoja. Mara chache sana fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, hugawanyika kuwa pacha wawili wasioonekana kwa macho, kila mmoja akielekea kwenye kichujio chake, kinachopitisha mwanga wenye mwelekeo mmoja wa mtetemo, kisha kwenye kigunduzi chake. Mwanafunzi anazungusha kichujio hadi nyuzi 22.5, anahesabu mara ambazo vigunduzi vyote viwili vimepokea kwa pamoja, anazungusha tena. Watafiti wa Reed walipata jumla ya 2.307, kosa la kipimo likiwa 0.035 tu.

Utamu zaidi uko kwenye kuwaandaa pacha. Ukigeuza mwelekeo wa mtetemo wa leza kabla haijafika kwenye fuwele, unaweza kupata pacha wasiofungamana, yaani jibu la mmoja halihusiani na la mwenzake, na jumla haivuki 2 tena. Hapo kijana anajionea mwenyewe tofauti ambayo mimi huieleza kwa chaki.

Ni kweli kwamba jaribio la mezani lina mianya, yaani njia ambazo matokeo yake bado yangeweza kuelezwa bila kwantamu. Miwili mikubwa ilizibwa kwa pamoja mwaka 2015 huko Delft, Vienna na Boulder. Najua pia foleni ya mahitaji ni ndefu: madawati, matundu ya vyoo, walimu. Lakini walimu wa fizikia wa kesho wako vyuoni leo.

Vigunduzi ndivyo vyenye gharama kubwa. Vyuo viwili au vitatu vinaweza kutumia seti moja kwa zamu. Naomba bajeti ijayo itenge fedha za seti hiyo, pamoja na mafunzo ya fundi sanifu wa maabara atakayeitunza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa fizikia, Morogoro