Wageni wa nyumba salama, acheni simu getini

Mhariri,

Mimi ni mlezi wa zamu ya usiku katika nyumba moja inayohifadhi wasichana huku wilayani Tarime. Jina la nyumba silitaji, na sababu ndiyo hiyohiyo iliyonifanya nishike kalamu. Naomba nafasi kabla Desemba haijafika, maana mwaka huu unagawanyika kwa mbili, na kwetu Wakurya huo ndio mwaka wa saro, msimu wa kukeketa wasichana. Shule zikifungwa tu, ngoma zinalia, na geti letu linaanza kugongwa.

Redioni nasikia kila msimu kwamba wasichana kadhaa "wameokolewa". Wengi ninaowafungulia mimi hawakuokolewa na mtu. Wamejiokoa kwa miguu yao, usiku, wakiwaacha wadogo zao wamelala.

Msimu uliopita mmoja aliletwa saa nane usiku, mvua inanyesha. Begi la shule mgongoni, kandambili mguu mmoja, mwingine mtupu. Ndani ya begi mlikuwa na daftari la Hisabati, kanga ya mama yake yenye maua mekundu, na viazi vitamu viwili vya kuchemsha ambavyo hakuvigusa njia nzima. Miaka 14. Alimsikia shangazi yake akihesabu sufuria za kuazima, akajua siku imefika, akaaga anaenda chooni. Barabara kubwa aliikwepa kwa sababu bodaboda wa pale kijijini ni binamu yake. Alijikokota mpaka kituo cha polisi, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto ndiye aliyemleta kwetu, wote wawili wamelowa chapachapa. Nilimpa uji. Alikunywa vikombe vitatu bila kuniangalia, kisha akauliza jambo moja: "Mama, hapa watu wanajua pako wapi?"

Nilimjibu hapana. Baada ya siku tisa nikaonekana mwongo.

Walikuja wageni, watu wema kabisa, na magari mawili. Walileta mchele, sabuni, taulo za kike, na fulana zenye maandishi kifuani. Wasichana walipangwa mstari mbele ya tanki la maji, wakapigwa picha. Jioni picha zilikuwa mitandaoni. Nasema haki: nyuso zilifunikwa. Kila msichana alibandikwa kiduara cha njano usoni. Lakini jabali la nyuma ya nyumba yetu hakuna aliyelifunika, na tanki lile la bluu lililobonyea ubavuni mji mzima unalijua. Na yule wangu wa miaka 14 alikuwa amejifunga kanga ya mama yake kiunoni, juu ya ile fulana mpya.

Kaka mtu aliitambua kanga.

Siku ya tatu nikamwona kijana kakaa kijiwe cha bodaboda mkabala na geti. Hakutukana, hakurusha jiwe. Alinunua karanga, akala, akatutazama. Kesho yake vilevile. Siku ya nne akaja mama mzazi, amevaa kitenge cha msibani, analia: baba wa mtoto kapooza upande mmoja, anamtaka binti yake amwone kabla hajakata roho. Binti aliposikia sauti ya mama yake alitoka mbio, akaanza kukusanya vitu vyake huku kamasi zinamtoka. Hapo ndipo watu wasiofanya kazi hii wanapokosea. Wanadhani msichana aliyetoroka amewachukia wa kwao. Hajawachukia. Anawapenda kiasi kwamba ukimwambia baba anaumwa, atarudi huku akijua kabisa kinachomngoja.

Mkuu wa nyumba alikuwa safarini, afisa ustawi wa jamii simu yake haipatikani. Mimi ni mlezi tu, sina cheo cha kumkatalia mzazi mtoto wake. Nikasema ngoja nimtafutie viatu. Nikaingia jikoni, nikampigia mtendaji wa kijiji chao. Mtendaji akatoka nje, akaangalia, akanirudia: mgonjwa yuko kilabuni, amemfunga mwenzake bao mara mbili tangu asubuhi.

Usiku ule tulimhamishia nyumba nyingine, mbali. Hakuniaga, alikuwa amenikasirikia. Nami simlaumu.

Sasa wageni wakiambiwa haya husema basi tatizo ni picha moja, tutakuwa waangalifu zaidi. Hawajaelewa. Ukuta wetu ni wa matofali ya kuchoma, una futi sita. Kijana yeyote wa Kikurya anaupanda huku anapiga mluzi. Kinacholinda nyumba kama hii ni watu kutojua nani yuko ndani usiku huu. Ukishakipoteza hicho, ongeza hata mbwa kumi. Na picha ni mlango mmoja tu, ipo mingine.

Upo mlango wa simu za wasichana wenyewe. Kwetu zamani ilikuwa marufuku, mtoto akikutwa na kitochi ananyang'anywa. Matokeo yake? Walikuwa wanaazima kwa kijana anayeleta kuni. Hebu fikiria, mtu mzima anayemwazima binti wa miaka 15 simu gizani, nyuma ya jiko, atadai kulipwa nini. Niligundua siku nilipoona kuni zinaletwa Jumapili, na hatukuwa tumeagiza. Yule kijana hatunaye tena, na habari zake ziko polisi. Baada ya hapo nikawaomba wakubwa zangu turuhusu simu ya nyumba, kila Jumatano na Jumamosi jioni, mlezi akiwa amekaa hapohapo. Namba inafichwa. Mtoto anasalimia mdogo wake, anauliza mbuzi wamezaa, analia, anakata. Tangu tuanze utaratibu huo hakuna aliyeruka ukuta. Msichana wa miaka 15 si mfungwa, na ukimfanya mfungwa atakutoroka wewe kama alivyomtoroka baba yake. Kutoroka anakujua tayari.

Nao mlango mkubwa kuliko yote unafunguliwa Januari, na funguo tunazo sisi wenyewe.

Ngoma zikinyamaza, fedha za chakula nazo zinakuwa ukingoni, tunaanza kurudisha watoto. Baba anaitwa, anaandika kwamba hatamkeketa binti yake, mtendaji anagonga muhuri, tunapiga makofi. Wapo akina baba wanaotimiza neno, nimewaona, tena wengine wanaleta kuku wa shukrani. Lakini nimempokea pia msichana yuleyule mara mbili, na mara ya pili alikuwa ameshakatwa, Februari, kimyakimya, bila ngoma wala matarumbeta. Wengine huvushwa Sirari, upande wa pili wakakatwe kwa ndugu, ingawa Kenya nayo ina sheria yake tangu 2011. Na yule niliyempokea mara mbili, tangu arudi nyumbani hadi siku ile alipogonga tena, hakuna aliyekwenda kumwona. Niliambiwa gari halikuwa na mafuta.

Sheria yetu ipo tangu 1998. Anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18 anaweza kufungwa miaka 5 hadi 15, au kutozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Laki tatu, Mhariri. Nenda mnadani uulize kama laki tatu itakupa ng'ombe wa mahari, halafu ukumbuke kwamba kwa wazee wengi aliyekeketwa ndiye anayeleta ng'ombe wengi. Na ona hilo neno "chini ya miaka 18". Nimewahi kuambiwa nimfungashie virago msichana wa miaka 17 na miezi kumi, eti amekuwa mtu mzima, kitanda kinahitajika. Nilihesabu kwa vidole: miezi miwili baadaye kifungu hicho hakimhusu tena.

Najua takwimu zinashuka. Utafiti wa serikali wa 2022 ulisema kitaifa wanawake waliokeketwa ni asilimia 8, kutoka 10 ya mwaka 2015/16. Nafurahi kama mtu mwingine yeyote, ila asilimia hailali kwenye deka wala haiamki usiku ikipiga kelele.

Ninachoomba si kikubwa. Anayetaka kutusaidia msimu huu, badala ya fulana alete mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi, ili Februari, Aprili na Juni awafuate waliorudi, akaongee nao pembeni bila baba kusikiliza. Kabla ya kumrudisha mtoto tumuulize yeye kwanza, na akisema bado, iwe bado. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za vijiji ziwe na orodha ya kila aliyerudi, na mwenyekiti wake asiwe mjomba wa ngariba, maana hilo nalo nimeliona. Majirani mkiona mtoto anaandaliwa, pigeni 116, namba ya msaada kwa watoto; haikatwi salio.

Na wageni, karibuni. Chai ipo, tutawaonyesha vyumba wasichana wakiwa darasani. Jumamosi nilikwenda gulio la Sirari nikanunua kikapu kikubwa chenye mfuniko, nimekitundika kwenye msumari pembeni ya geti, upande wa ndani. Simu zote zinabaki humo, ya mkuu wa wilaya na ya mchungaji vilevile. Mlinzi nimeshamwambia asione haya.

Mlezi wa usiku,
Tarime, Mara
(Jina limehifadhiwa)