Kuhusu nyimbo za harusi yako

Mwanangu mpendwa,

Orodha ya nyimbo uliyonitumia nimeisikiliza yote, mpaka shangazi yako akauliza kama kamati imeniajiri kuwa DJ. Nyingi tamu. Chache kelele tu, lakini harusi ni yenu.

Nina neno juu ya "Malaika", uliyoipanga wakati bibi harusi anaingia ukumbini. Tangu Fadhili William alipoirekodi kule Kenya na Miriam Makeba akazunguka nayo dunia, imekuwa wimbo wa maharusi, na hadi leo watu wanabishana nani hasa aliyeitunga. Sasa sikiliza maneno yake. Yule kijana hapati mke! Anampenda, angemwoa, mali hana, basi. Mimi nauona unawasema wazee wanaogeuza posa kuwa mnada, ila unawasema kwa sauti laini hata wao wenyewe wanainuka kucheza. Kwa hiyo usiuondoe. Wajomba zake mwenzio watakuwa meza ya mbele, acha wausikie vizuri.

Kinachonikera ni kwamba msichana haulizwi. Huenda alikuwa radhi kuolewa bila hata ng'ombe mmoja. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 41, ingempa nafasi: ndoa haibatiliki kwa sababu tu mila ya mahari haikutimizwa.

Hizo za siku hizi nazo zina lao. Nusu ya orodha yako mwanaume anaahidi kumweka mke kama malkia, nyumba na gari juu yake, mke akae tu. Mimi nasikia mwenye nyumba akimkaribisha mgeni. Bi Hawa Mohamed alikuwa mama wa nyumbani. Alipoachana na mumewe, Ally Sefu, kesi ilifika Mahakama ya Rufani, na mwaka 1983 majaji wakatamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Yeye mwenyewe hakuambulia kitu, maana mahakama iliona alishafuja fedha za mradi alizopewa na mume. Waliokuja nyuma yake ndio waliofaidi.

Haya, kile kiwanja cha Kigamboni. Kifungu cha 60 cha sheria hiyohiyo kinasema mali yenye jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake peke yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa na majina ya wote wawili, huchukuliwa kuwa wana haki sawa. Mwenzio anatoa nusu ya kila awamu, tena anakutangulia kulipa. Hati bado haijatoka, kwa hiyo nendeni pamoja ofisi ya ardhi wiki hii, majina yaandikwe mawili, na nakala uniletee.

Halafu ule wimbo wa tisa uutoe. Bibi yako atakuwepo, na mafumbo yale anayaelewa kuliko wewe.

Mama yako