Sheria isisubiri watu waumie kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme hili la sheria kubaki nyuma maana linaniuma kweli. Wengi tunadhani sheria ikishaandikwa basi imeganda, kumbe hata majaji wanaisogeza. Mwaka 1932 Uingereza kulikuwa na kesi ya mama aliyedai amekuta konokono ameoza kwenye chupa ya kinywaji, na chupa yenyewe alinunuliwa na rafiki yake kwa hiyo yeye hakuwa na mkataba na mtu yeyote, lakini majaji wakasema mtengenezaji ana wajibu kwa mlaji hata kama hawajuani. Bidhaa za viwandani zilishajaa kila mahali, sheria ikabidi ifuate.

Sasa ni zamu ya kazi za kwenye app. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema 2021 kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi wana haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, ila baraza la kazi lilishaamua hivyo tangu 2016, rufaa ndio zikala miaka yote hiyo, na dereva huku anakula nini?

Mazingira ndio kabisa. New Zealand iliutambua mto Whanganui kama mtu kisheria, yaani mto wenye haki zake, 2017, baada ya Wamaori, wenyeji wa asili wa huko, kudai kwa zaidi ya miaka 100!

Mimi naomba wabunge, kila sheria inayogusa teknolojia au mazingira iwekewe tarehe ya kupitiwa upya, humohumo ndani yake.

Msomaji wako