Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuvu za Wadudu na Kumbukumbu Zetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka tunaoumaliza. Masuala ya fedha nitayagusa kidogo tu, kwa kuwa mhazini anazo hesabu kamili na wakaguzi wamekwisha kuzipitia. Sehemu kubwa ya taarifa hii naielekeza msituni, kwenye kazi iliyotukutanisha: kutafuta, kukusanya na kuandika habari za kuvu zinazoishi kwa kuua wadudu.

Mwaka huu tumebaki Usambara Mashariki, ndani na pembezoni mwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani. Wanachama wapya wafahamu kwamba utafiti Amani si jambo la jana. Wajerumani walifungua kituo chao cha biolojia na kilimo pale mwaka 1902, na hifadhi yenyewe ilitangazwa mwaka 1997. Miti, vyura na ndege wa milima ile wameandikwa sana. Kuvu za wadudu hazijapata watu wengi hivyo, na ndiyo maana kila bahasha mnayoileta kwa katibu ina uzito.

Masika ndiyo iliyotupa mavuno. Kuvu hizi zinahitaji unyevu ili zichomoze nje ya mwili wa mdudu, kwa hiyo matembezi ya kando ya vijito, mahali ambapo jua haliingii moja kwa moja, yalizaa kuliko yale ya vilimani. Wenye haraka hawaoni kitu. Walioona ni wale waliopiga magoti na kugeuza jani moja baada ya jingine.

Naomba nieleze sampuli moja, kwa kuwa inabeba karibu kila ninalotaka kusema. Ni chungu mweusi wa jenasi (kundi la spishi za karibu) iitwayo Camponotus, aliyekutwa chini ya jani la iliki. Miguu imelikumbatia jani, na taya zimeuma mshipa wa katikati zikakaza. Nyuma ya kichwa kumechomoza kikonyo chembamba cheusi, kirefu kuliko chungu mwenyewe, na ubavuni mwa kikonyo kuna kivimbe cha rangi ya kahawia ambamo spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, hukomaa. Hii ni Ophiocordyceps. Kuvu humwingia chungu kupitia gamba la mwili, hukua ndani yake, kisha humfanya aache njia za wenzake na kwenda kuuma jani mahali panapoifaa kuvu. Hafi kabla ya kuuma.

Mwanachama aliyeileta hakuishia kuitia kwenye bahasha. Aliandika kwamba chungu alikuwa upande wa chini wa jani, akapima urefu kutoka ardhini, akaeleza kichwa kilielekea wapi, akapiga picha kabla ya kugusa, na akakata kipande cha jani pamoja na taya zilizokiuma. Ninampongeza hadharani. Utafiti uliofanyika katika msitu wa Thailand na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba chungu wa aina hii walifia kwenye majani yaliyo kama sentimita 25 tu kutoka ardhini, na kwamba maiti zilipohamishiwa juu kwenye matawi ya miti kuvu haikukua ipasavyo. Matokeo kama hayo yasingepatikana kama watu wangeridhika kuandika “chungu, Thailand”. Ndiyo sababu kamati imeamua kwamba kuanzia msimu ujao sampuli isiyo na jina la mdudu, walau kwa kiwango cha familia, na isiyo na maelezo ya mahali alipokutwa, haitaingizwa kwenye daftari kuu. Najua wapo waliolalamika kwamba ni ukali. Ni ukali, na nitausimamia, kwa kuwa kuvu isiyo na habari za mdudu wake ni nusu ya kumbukumbu.

Kuna mfano mkubwa zaidi wa jambo hilihili. Siklosporini, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1983 kuzuia mwili wa mgonjwa kukataa kiungo alichopandikizwa, ilitokana na kuvu iliyopatikana katika udongo wa Norwei. Kwa miaka mingi ilijulikana kama ukungu wa udongo tu. Katika miaka ya 1990 ndipo watu wa Chuo Kikuu cha Cornell walipokuta kuvu imeota juu ya buu la mbawakawa, wakaichunguza, wakagundua kwamba ni kuvu ileile iliyokuwa ikitoa dawa, katika hatua nyingine ya maisha yake. Mtu mmoja angechukua kikonyo na kutupa buu, na habari ingeishia hapo.

Sasa yale yasiyovutia macho. Wengi wetu tunakimbilia vikonyo virefu na rangi kali, tukiruka fukusi aliyefunikwa unga mweupe au panzi aliyegeuka kijani. Ule unga mweupe aghalabu ni Beauveria, jenasi yenye nafasi yake katika historia ya tiba: mwaka 1835 Agostino Bassi wa Italia alionyesha kwamba ugonjwa wa viwavi wa hariri ulisababishwa na kuvu ya aina hiyo, miongo kadhaa kabla nadharia kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa haijakubalika. Ile ya kijani huwa ni Metarhizium, na hapa Tanzania tuna deni nayo. Mwaka 2009 nzige wekundu walipoanza kuongezeka, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na washirika wake walinyunyizia kuvu hiyo katika nyanda za Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, na uvamizi ukazuiwa kabla haujafika mashambani. Kabla ya hapo, mwaka 2005, jarida la Science lilichapisha jaribio lililofanyika kijijini nchini mwetu: vitambaa vyeusi vilivyopakwa spora za Metarhizium vilining'inizwa ndani ya nyumba, na takriban robo ya mbu waliokamatwa wakawa wameambukizwa. Kwa hiyo fukusi mwenye unga kwenye shamba la migomba anastahili bahasha sawasawa na chungu wa Amani.

Angalizo moja: si kila mdudu mwenye ukungu aliuawa na ukungu huo. Mzoga wowote ukilala mahali penye unyevu utaota. Tazameni kama mdudu ameshikilia kitu, kama amekufa mahali pa juu asikokaa kwa kawaida, kama kuvu imetokea kwenye maungio ya mwili. Kwa nzi lipo jaribio rahisi la nyumbani. Ukimkuta ameganda kwenye kioo, mabawa yameinuliwa na mdomo umegundishwa, mweke juu ya karatasi nyevu na umfunike kwa kioo safi usiku kucha. Kama ni Entomophthora, kuvu inayoua nzi, asubuhi utaona spora zilizorushwa kwenye kioo zimetanda kama vumbi jeupe.

Msitumie mifuko ya plastiki, tafadhali. Sampuli huvunda humo kabla hamjafika barabarani. Bahasha za karatasi, kisha chombo chenye chembechembe za silika, vinatosha.

Tumepokea pia simu za watu wanaotaka kununua “cordyceps” kwa ajili ya dawa. Chama hakiuzi, na mwanachama asiuze kwa jina la chama. Ile inayouzwa kwa bei kubwa Asia ni Ophiocordyceps sinensis, inayoota kwenye viwavi wa nondo katika nyanda za juu za Tibet na Himalaya, na kwa sababu ya kuchimbwa mno iliingizwa mwaka 2020 katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira. Nasi huku kwetu tusichukue mno: mkikuta nyingi mahali pamoja chukueni chache, nyingine piga picha na kuziacha zimwage spora.

Kuhusu vibali, hakuna ruhusa ya kukusanya ndani ya hifadhi bila kibali, na sampuli isivuke mpaka wa nchi kabla katibu hajathibitisha nyaraka zote. Wageni wanaoomba kutumiwa vipande kwa posta waelekezwe kwake.

Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliopita, ingawa hadubini yetu bado inahitaji fundi. Mhazini ataomba idhini yenu kwa matengenezo hayo.

Nafasi ya mtunza daftari iko wazi, kwa kuwa aliyeishika kwa uaminifu mkubwa anahamia kikazi mkoa mwingine. Anahitajika mtu mwenye mwandiko unaosomeka na subira ya kurudisha bahasha kwa mwenyewe ikiwa haijakamilika. Majina ya wagombea yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu kufunguliwa.

Mwenyekiti