Mama, Baba alikufa kwa ugonjwa gani?

Leicester, Uingereza, Jumapili usiku

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na korosho mmezimaliza kuokota kabla mvua haijaziharibu. Kaka Hamisi, shikamoo. Somoe, marahaba mdogo wangu. Wewe ndiye msomaji, kwa hiyo soma polepole, na nikikwambia mtoe Hamisi nje, mtoe kweli. Huku hatujambo. Saa kumi jioni giza limeshaingia, na mimi bado sijazoea, miaka yote hii.

Mama, leo sizunguki. Nataka uniambie Baba alikufa kwa ugonjwa gani.

Najua tulichoambiwa sisi watoto. Alikuwa amekaa chini ya mkorosho, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea, siku ya tatu tukamzika. Wakasema ni upepo mbaya, na wengine wakautaja ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Sasa wiki tatu zilizopita nimekaa mbele ya daktari, ananiuliza baba yako alifariki na nini, akiwa na umri gani, na kalamu iko mkononi. Nikamwambia upepo. Akaniangalia. Nikasema tena, labda kiharusi, sina uhakika. Akaandika "labda".

Sababu ya maswali hayo ni hii. Mimi na Baba Salma tumeomba kuwa walezi wa kambo. Huku mtoto akiwa hana usalama nyumbani kwao, au mzazi ameshindwa kabisa, halmashauri humchukua na kumweka kwenye familia nyingine, pengine wiki mbili, pengine mpaka awe mtu mzima. Wanatoa posho ya kila wiki ya kumtunzia. Najua neno kambo kwetu linanuka, linamwita yule mama wa kambo wa kwenye hadithi. Lakini ndilo neno la serikali, hata Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inatumia hilo hilo, na maafisa ustawi wa jamii wa huko nyumbani wanalijua. Salma yuko chuo, chumba chake kiko kitupu, na mimi sijazoea nyumba isiyo na kelele za mtoto.

Nilidhani wataangalia nyumba, wataulizia kama nina kesi polisi, basi. Hayo wanafanya, na wanawapigia hadi marafiki zako. Lakini kuna fomu ya afya, kurasa kwa kurasa. Sehemu moja unajaza mwenyewe: umelazwa lini, unakunywa dawa gani, unavuta, unakunywa pombe kiasi gani kwa wiki, ndugu zako wa damu wana magonjwa gani. Sehemu nyingine anajaza daktari wako wa familia, ambaye faili lako analo tangu ulipojiandikisha kwake, kwa hiyo kuficha ni kazi bure. Kisha karatasi zinakwenda kwa daktari mshauri wa halmashauri. Huyo hakuoni kwa macho, anasoma tu na kutoa maoni. Mke na mume kila mmoja na fomu yake.

Mama, nilikasirika. Nilirudi nyumbani nikamwambia Baba Salma: kwani wananinunua? Mbuzi wa mnadani ndiye anafunguliwa mdomo. Kwetu mtoto wa ndugu anapelekwa na kifurushi cha nguo, mjomba anasema karibu, yamekwisha. Nani aliwahi kumpima Mjomba Saidi presha?

Hata hivyo nilikwenda. Nikapimwa uzito na urefu, mkojo, nikafungwa ule mkanda mkononi. Daktari aliponisikiliza moyo akaona zile chale tatu ubavuni, akauliza ni za nini. Nikamwambia nilichanjwa nikiwa mdogo, dawa ya kichomi. Hakucheka, akauliza kama kichomi kilipona. Kisha akaitazama mashine, akanifunga mkanda tena, akasubiri, akanifunga mara ya tatu. 164 kwa 98.

Sikuwa nasikia chochote. Si kichwa, si moyo kwenda mbio. Alinipa mashine nikapime nyumbani asubuhi na jioni siku saba, maana wengine presha hupanda kwa kumwona daktari tu. Yangu haikushuka. Sasa nakunywa dawa ya presha, amlodipini, kila asubuhi, na fomu inasubiri mpaka waone imetulia. Si kwamba nimekataliwa. Mtu mwenye presha au kisukari kinachotibiwa analea tu. Wanachotaka kujua ni kama utaweza kumkimbilia mtoto barabarani, kumwamkia usiku, na kama utakuwepo miaka ambayo atakuhitaji. Mtoto huyo ameshapotezwa na watu wazima mara moja.

Hapo ndipo nilimkumbuka Bibi wa Newala. Mliponipeleka kwake nina miaka saba, macho yalikuwa yameanza kufunga. Wewe ulijua? Alikuwa anapapasa mtungi kwa mkono kuona maji yamefika wapi. Na maji ya Newala unayajua, unashuka bondeni gizani na kupanda jua limetoka. Mwaka wa pili mimi ndiye nilikuwa namshika mkono kwenda kliniki, kwenda msibani, kwenda chooni usiku, na siku hizo shule sikwenda. Sikuwahi kulalamika na sasa silalamiki. Alinilea kwa upendo ambao sijauona tena. Lakini kama mtu angemuuliza mapema, "Bibi, macho vipi?", ule mtoto wa jicho ungetolewa.

Nilimuuliza yule dada wa ustawi anayetufuatilia: bibi yangu mngemkataa? Akasema haiendi hivyo, hata asiyeona kabisa anaweza kukubaliwa. Wangeuliza nani anamsaidia na kazi gani zingemwangukia mtoto. Jibu zuri. Ila sijui kama nalikubali lote. Bibi hakuwa na wa kumsaidia zaidi yangu, na bila yeye mimi ningekuwa wapi?

Somoe, hapa mtoe Hamisi.

Mama, kuna jambo sikukuambia. Mwaka 2013 mimba ya pili ilipotoka, niliumwa. Si mwili. Nilikuwa naamka nakaa kitandani mpaka Salma anarudi shule ananikuta na gauni la kulalia. Wanaita sonona. Nilikunywa vidonge miezi minane na kila wiki nilikwenda kuongea na mtaalamu. Kwenye simu nilikuwa nakwambia niko kazini sana. Imo kwenye faili, kwa hiyo ikaingia kwenye fomu, na yule dada akakaa sebuleni kwangu akaniuliza. Nilidhani hapo ndiyo mwisho wetu. Kumbe alitaka kujua nilimwambia nani, na siku hizi nikilemewa nafanya nini. Nikajibu nampigia mama yangu. Nikaona aibu, kwa sababu siku ile sikukupigia.

Mrudishe Hamisi.

Baba Salma presha yake nzuri kama ya kijana, shemeji yenu huyo. Tatizo lake sigara. Halmashauri nyingi hapa haziweki mtoto wa chini ya miaka mitano kwenye nyumba ya mvutaji, hata kama anavutia nje. Ameacha tangu Agosti na amekuwa mkali kama pilipili. Kwenye pombe alipiga hesabu vizuri, ushauri wa hapa ni yuniti 14 kwa wiki zisipitwe, yuniti ndiyo kipimo chao cha pombe, akaniuliza kibuyu cha uraka, pombe yetu ya mabibo, ni yuniti ngapi. Nikamwambia andika maji.

Sasa naomba haya. Mwambie Hamisi akupeleke ukapimwe presha na sukari, na yeye apime, Somoe naye. Mkiambiwa "iko sawa" msiondoke, ombeni namba zote mbili ziandikwe, mnitumie. Nauli nimeituma kwenye simu ya Somoe na imebaki ya dawa. Baba alikuwa na miaka 52, mimi nimefika 47.

Na zile karatasi za hospitali za Baba najua hukuzitupa. Ziko kwenye sanduku la bati, chini ya kanga zako za eda. Somoe azipige picha pande zote mbili, hata zilizofifia. Kama kuna jambo halimo kwenye karatasi na unalijua wewe, nipigie mwenyewe, usimpe Somoe aandike. Usiku wowote, nitakuwa macho.

Wanao wanakusalimu.

Mwanao,
Hawa